Usalama Nyumbani: Ukuta wa Matofali Unataka Kupumua



Kazini tunakumbushana kila asubuhi: vaa kofia, vaa miwani, funga bote. Lakini hatari haibaki kwenye mlango wa mgodi. Nyingine inatungoja nyumbani, tena ndani ya chumba wanamolala watoto. Leo somo letu ni juu ya ukuta wa nje wa nyumba: upakwe kitu gani, na usipakwe kitu gani.

Tutoe mfano. Baba mmoja amejenga Kasapa. Ametunza mshahara kwa miaka mingi, amenunua matofali ya kuchoma, amepandisha kuta, ameweka mabati. Masika ya kwanza yanafika na ukuta unaopigwa na mvua unalowa. Baba anaogopa. Ananunua rangi ya mafuta yenye kung'aa, anapaka mikono miwili, na nyumba inapendeza kama mpya. Lakini kabla ya masika ya pili kwisha, rangi imevimba kama ngozi iliyoungua. Inabanduka. Nyuma yake tofali linatoka unga mwekundu. Chumbani kuna harufu ya uvundo, nyuma ya kabati kuna madoa meusi, na mtoto mdogo anakohoa usiku. Fundi anasema: "Baba, ongeza mkono wa tatu."

Fundi huyo amekosea. Tuone kwa nini.

1. TOFALI LETU NI LA NAMNA GANI?

Huku kwetu Lubumbashi matofali mengi hufinyangwa kwa mkono, mara nyingi kwa udongo wa kichuguu, kisha hupangwa kama tanuru na kuchomwa kwa kuni. Moto wa namna hiyo hauwi sawa mahali pote. Matofali ya katikati, karibu na moto, huwa magumu. Yale ya kando hubaki laini. Lakini yote hupakiwa pamoja na kufika kwenye kiwanja chako pamoja.

Unaweza kuyapima mwenyewe, bila chombo cha maabara:

— Gonganisha matofali mawili. Lililoiva hulia kama chuma. Lisiloiva hutoa sauti nzito, kama gogo.

— Likwaruze kwa msumari. Lililoiva huacha alama ndogo tu. Laini huchimbika na kutoa unga.

— Pima uzito wa tofali kavu, lilaze ndani ya maji usiku na mchana, kisha lipime tena. Kama kavu lilikuwa kilo 2.5 na sasa ni kilo 3, limekunywa nusu kilo ya maji. Hiyo ni sehemu 20 kwa mia ya uzito wake.

Kunywa maji si dhambi ya tofali. Tofali hunywa mvua inaponyesha, na hutoa maji hayo jua linapowaka. Ukuta ukiachiwa nafasi ya kukauka, unaweza kudumu kuliko wewe uliyeujenga. Taabu huanza pale tunapomziba mdomo huyu anayetaka kupumua.

2. FUNZO LA BOTE ZA MPIRA

Wewe unayeshuka mgodini unajua bote za mpira. Unazivaa zamu nzima. Maji ya nje hayaingii hata tone. Lakini ukizivua jioni, soksi zimelowa. Maji hayo yametoka wapi? Ni jasho lako. Mpira uliokataza maji kuingia ndio uliokataza jasho kutoka.

Rangi ya mafuta, na rangi nene ya plastiki, ni bote za mpira za nyumba. Mvua hupiga na kuteleza. Lakini ukuta una njia nyingine za kupata maji:

Njia ya kwanza ni chini. Udongo uliolowa hupandisha maji ndani ya ukuta, kama utambi wa taa unavyopandisha mafuta.

Njia ya pili ni ndani ya nyumba. Chungu kinachochemka, nguo zinazoanikwa chumbani, maji ya kuoga, na pumzi za watu wanaolala, vyote hutoa mvuke. Jamaa ya watu sita hutoa lita kadhaa kwa siku.

Njia ya tatu ni ufa. Rangi ngumu hupasuka kidogo, karibu na dirisha au juu ya kiungo cha matofali. Maji huingia kwa ufa huo mdogo, lakini hayana ukuta mzima wa kutokea.

Maji hayo hubeba chumvi iliyo ndani ya udongo, ndani ya tofali na ndani ya simenti. Umeuona ule unga mweupe juu ya matofali baada ya mvua? Ndiyo chumvi hiyo. Ukuta ukiwa wazi, maji huruka na chumvi hubaki nje, ukaipangusa kwa brashi kavu ikaisha. Lakini rangi ikiziba, chumvi hukauka nyuma ya rangi. Inapokauka huwa punje ngumu, na punje hizo husukuma. Husukuma rangi mpaka ivimbe, kisha husukuma uso wa tofali mpaka uanguke. Ndiyo maana mkono wa tatu wa rangi hauponyi kitu. Ni kufunga kidonda chenye usaha.

3. MADHARA KWA AFYA

Ukuta usiokauka huleta kuvu, yale madoa meusi au ya kijani tunayoyaona pembeni na nyuma ya vyombo. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha maongozi juu ya unyevu na kuvu ndani ya nyumba. Lilieleza kwamba wanaoishi katika nyumba zenye unyevu na kuvu hupatwa zaidi na matatizo ya kupumua na pumu. Watoto na wagonjwa wa mapafu ndio wa kuangaliwa kwanza.

Na wewe mtumikaji unayepumua vumbi kazini, mapafu yako yanahitaji kupumzika usiku. Usiyape kazi nyingine kitandani.

Mtoto akikohoa kwa muda mrefu, mpeleke kwa munganga. Usiseme "ni ukuta tu". Kikohozi kina sababu nyingi, na kazi ya kuzitafuta ni ya munganga. Lakini usisahau kumweleza kwamba chumba kina unyevu.

4. ANZA NA MAJI, SIYO NA RANGI

Hakuna rangi duniani inayoweza kushinda maji yanayomwagwa juu ya ukuta kila siku. Tufanye hesabu. Nyumba yenye paa la mita 10 kwa mita 8 ina mita za mraba 80. Mvua moja kubwa ya milimita 50 huangusha juu yake lita 4,000, yaani mapipa 20 ya lita 200. Huku kwetu mvua ya mwaka mzima ni karibu milimita 1,200, na karibu yote huanguka kati ya Novemba na Machi. Kama paa halina mfereji, maji hayo yote huanguka chini ya ukuta wako, huruka juu pamoja na matope mekundu, na kuchimba msingi.

Kwa hiyo, kabla ya kununua kopo lolote, fanya haya:

— Weka mfereji wa paa, uyapeleke maji mbali na nyumba. Kama fedha haitoshi kwa pande zote, anza na upande ambako maji mengi huanguka. Mama atapata pia maji ya kufulia.

— Paa litokeze nje ya ukuta vya kutosha, hata sentimita 60 kama mbao zinaruhusu.

— Chimba mtaro, na uinamishe uwanja ili maji yakimbie nyumba.

— Ondoa udongo, mchanga au takataka zilizorundikwa kwenye ukuta. Udongo wa nje ubaki chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 20 au zaidi.

— Ziba viungo vilivyolika kati ya matofali. Kwa tofali laini usitumie simenti tupu. Fungu 1 la chokaa kwa mafungu 3 ya mchanga linatosha. Kiungo kiwe laini kuliko tofali, kwa sababu kiungo hutengenezwa tena kwa urahisi, tofali halitengenezwi.

— Fungua madirisha mchana, hasa ya jikoni na ya chumba cha kulala.

Mara nyingi kazi hii peke yake hukausha ukuta. Na kama matofali yako yameiva vizuri na viungo ni vizima, yaache wazi. Ukuta mzuri wa matofali hauhitaji rangi. Fedha hiyo inunue vitabu vya watoto.

5. KAMA UNATAKA KUPAKA, UCHAGUE NINI?

Chagua vitu vinavyotoka katika mawe, ambavyo huacha mvuke upite.

CHOKAA YA MAJI. Ndiyo ya zamani, na kwa jamaa nyingi ndiyo ya bei nafuu. Watumikaji wengi wanaijua. Karibu na Likasi kuna mawe ya chokaa ya Kakontwe, na viwanda vya shaba na kobalti hutumia chokaa nyingi katika kazi zao. Jiwe la chokaa likichomwa kwa moto wa nyuzi 900 hivi, hutoa hewa ya kaboni: kilo 100 za jiwe safi hubaki kilo 56 za chokaa kali. Chokaa kali ikipewa maji huwa chokaa iliyozimwa. Na chokaa iliyozimwa ikipakwa ukutani, huvuta tena ile hewa ya kaboni polepole, ikarudi kuwa jiwe. Kwa hiyo ukipaka chokaa, unavalisha ukuta ngozi nyembamba ya jiwe lenye vitundu. Mvuke hupita. Tena chokaa mbichi ni kali, na kuvu haipendi kuota juu yake. Udhaifu wake ni kwamba huliwa na mvua, na inataka kurudiwa kila baada ya miaka michache. Lakini kurudia ni rahisi, hakuna kubandua.

Pwani ya Bahari ya Hindi, huko Lamu na katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, nyumba za mawe ya matumbawe zimejengwa na kupakwa chokaa tangu zamani. Mafundi wanaozitunza wamejifunza kwa hasara kwamba mahali palipotengenezwa kwa plasta ngumu ya simenti, unyevu hufungwa ndani na jiwe la zamani huharibika.

PLASTA YA CHOKAA. Hufaa kwa ukuta wa matofali laini sana, au uliokwisha kulika. Fungu 1 la chokaa kwa mafungu 3 ya mchanga safi. Ukitaka iwe ngumu kidogo, fungu 1 la simenti, 2 ya chokaa na 9 ya mchanga. Juu yake paka chokaa ya maji.

RANGI YA SILIKATI. Hii hutengenezwa kwa silikati ya potasi. Adolf Wilhelm Keim wa Ujerumani alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1878. Haikai juu ya ukuta kama ngozi. Hushikana na tofali lenyewe na kuwa kitu kimoja nalo. Huacha mvuke upite na hudumu kuliko chokaa. Lakini ni ghali, na haishiki juu ya rangi ya mafuta au ya plastiki. Inataka tofali tupu au plasta tupu.

SIMENTI YA MAJI. Nayo inatoka katika mawe, lakini ni ngumu na nzito kuliko chokaa. Juu ya tofali gumu huvumilika. Juu ya tofali laini hupasuka na kulivuta tofali pamoja nayo.

RANGI YA MAFUTA NA RANGI NENE YA PLASTIKI. Hizi ziache kwa milango ya chuma na mbao. Siyo kwa ukuta wa nje wa matofali.

Dukani soma kopo kabla ya kulipa. Tafuta maneno « à la chaux » au « silicate ». Jihadhari na maneno « effet chaux »: mara nyingi maana yake ni rangi ya plastiki iliyotengenezwa ionekane kama chokaa. Kwenye karatasi za rangi za Ulaya utaona pia alama Sd, pamoja na hesabu ya mita. Hesabu hiyo yaonyesha rangi inavyouzuia mvuke. Chini ya 0.14 ni nzuri: mvuke hupita sana. Kati ya 0.14 na 1.4 ni ya wastani. Juu ya 1.4 ni bote ya mpira.

6. KAZI YENYEWE, HATUA KWA HATUA

Majira. Fanya kazi hii wakati wa kiangazi, ukuta ukiwa umekwisha kukauka: Juni mpaka Agosti. Usingoje Oktoba. Chokaa inataka wiki kadhaa ili iwe ngumu kabla ya mvua ya kwanza. Lakini kiangazi chetu kina upepo mkavu, na chokaa inayokauka haraka hubaki unga. Kwa hiyo paka upande wenye kivuli, na ulowanishe ukuta kidogo kabla ya kila mkono. Asubuhi za Juni na Julai zenye baridi kali, ngoja jua lipande.

Hatua ya kwanza. Ondoa rangi ya zamani. Kwangua ukiwa umeilowanisha. Usiichome kwa moto, wala usiisugue ikiwa kavu, kwa maana rangi za zamani zaweza kuwa na risasi, na vumbi la risasi ni sumu, hasa kwa watoto na mama mwenye mimba. Kusanya maganda yote uyafukie mbali na kisima.

Hatua ya pili. Pangusa chumvi nyeupe kwa brashi kavu. Usiioshe kwa maji, itaingia tena ndani.

Hatua ya tatu. Nunua chokaa iliyokwisha kuzimwa, ile ya unga. Kwenye mfuko imeandikwa « chaux éteinte » au « chaux hydratée ». Iloweke usiku mzima mpaka iwe kama uji mzito. Kesho yake ongeza maji, fungu 1 la uji kwa mafungu 2 au 3 ya maji, mpaka iwe kama maziwa. Chuja kwa kitambaa. Ukipenda rangi, tia kidogo udongo mwekundu au wa manjano uliosagwa na kuchujwa. Usitie chumvi ya kupikia kama wengine wanavyofanya. Tumekwisha kuona kazi ya chumvi ndani ya tofali.

Hatua ya nne. Paka mikono mitatu mpaka mitano, myembamba. Kati ya mkono na mkono ngoja siku moja. Mkono wa kwanza utaonekana kama maji tu. Usiongeze unene. Chokaa huwa nyeupe inapokauka, na mkono mnene hupasuka.

7. HATARI ZA CHOKAA: ZISHIKE SANA

Chokaa huunguza. Iliyozimwa huunguza jicho na ngozi. Ile kali, « chaux vive », huchemka inapokutana na maji na huweza kurusha matone ya moto. Kwa hiyo:

— Usinunue chokaa kali kwa kazi ya nyumbani. Kama huna nyingine, tia chokaa ndani ya maji kidogo kidogo, katika pipa la chuma. USIMWAGE maji juu ya chokaa. Usitumie ndoo ya plastiki.

— Vaa miwani iliyofungwa, glavu za mpira, mikono mirefu na bote, kama kazini. Hakuna "ni nyumbani tu".

— Watoto wakae mbali. Ndoo ya chokaa nyeupe, machoni pa mtoto ni ndoo ya maziwa. Ifunike na uiweke juu.

— Weka ndoo ya maji safi karibu kabla ya kuanza. Chokaa ikiingia jichoni, usisugue. Fungua jicho, limwagie maji safi dakika 20 bila kuacha, kisha nenda hospitali mara moja, hata kama maumivu yamepungua.

— Usichukue mifuko wala mapipa yaliyobeba dawa za kiwandani. Hata yakioshwa, hayafai nyumbani.

— Ngazi isimame juu ya udongo mgumu, na mtu aishike. Usipande na ndoo mkononi. Ivute kwa kamba.

8. TURUDI KWA BABA WA KASAPA

Afanye nini? Kwanza aache kununua rangi. Masika haya aweke mfereji na kuchimba mtaro. Asogeze kabati na kitanda mbali na ukuta, ili hewa ipite, na asafishe kuvu kwa maji na sabuni, mdomo na pua vikiwa vimefunikwa. Mtoto amlaze chumba kingine kilicho kikavu, na ampeleke kwa munganga. Kiangazi kikifika, akwangue rangi, aache ukuta wazi wiki kadhaa ukauke, abadilishe matofali yaliyooza, ndipo apake chokaa. Ukuta wake hautang'aa. Lakini utakauka baada ya kila mvua.

MASWALI YA NYUMBANI

Jumapili hii zungukeni nyumba pamoja na watoto, mjibu:

1. Maji ya paa letu yanaanguka wapi?
2. Udongo wa nje uko juu au chini ya sakafu yetu?
3. Tofali letu likikwaruzwa kwa msumari, linachimbika?
4. Mahali gani rangi imevimba, au pana unga mweupe?
5. Nyuma ya kabati kuna nini?

Kumbuka, ndugu: zuia maji yasiingie, kisha uyaache yaliyomo yatoke. Ukuta unaopumua hulinda pumzi ya wanaolala ndani yake.